Nani Mwenye Kijiji? Halmashauri ya Kijiji Mbozi, Tangu Mwene Hadi Muhtasari

Anayenunua shamba Nanyala, kata iliyoko wilayani Mbozi mkoani Songwe, hamalizi shughuli yake kwa kupeana mkono na muuzaji. Ataanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ataitiwa majirani wanaopakana na shamba lile, atafika ofisi ya kijiji kwa mtendaji na mwenyekiti, na mwisho atatafuta karatasi ambayo kila mtu kijijini anaijua kwa jina moja: muhtasari. Ni maandishi ya kikao kilichoridhia kwamba ardhi ile itoke mkono huu iende mkono ule. Wanunuzi wengi hutazama mhuri uliogongwa chini ya karatasi, wakauona mhuri ndio wenye nguvu. Hapo ndipo kosa linapoanza. Mhuri unasema tu kwamba watu fulani walikaa na kukubaliana, na watu hao wasipokaa, mhuri hauna cha kusemea. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba halmashauri ya kijiji, chombo ambacho leo wengi hukiita serikali ya kijiji, haikuzaliwa kwa ajili ya wanakijiji. Ilitengenezwa kutoka juu ili amri zishuke na kodi ipande. Sheria ilichukua miongo mingi kuigeuza uso iwatazame wenye kijiji, na njia iliyotumika kuigeuza ni moja tu: wajibu wa kujieleza mbele ya mkutano mkuu wa wakazi wote.

Wapo wanaopinga simulizi hii tangu mwanzo wake. Husema kwamba halmashauri ni baraza la wazee la zamani lililopewa jina la kiserikali, kwamba Waafrika siku zote walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Hoja hii ina mvuto, nami siibezi, kwa sababu Wanyiha wa Mbozi kweli walikuwa na desturi ya mashauri. Nchi yao iligawanyika katika tawala ndogo ndogo, kila moja chini ya mwene, na mwene alikuwa na wazee wa kumshauri. Lakini tukilitazama baraza lile kwa makini tunakuta tofauti tatu ambazo haziwezi kupuuzwa. Kwanza, mtu aliingia humo kwa ukoo na umri, hakuchaguliwa na wakazi. Pili, mamlaka ya mwene yaliwafuata watu wake kuliko yalivyofuata mpaka uliochorwa ardhini. Tatu, na hili ndilo kubwa, kizuizi cha mwene mbaya kilikuwa miguu ya watu wake. Katika nchi ambayo ardhi ilikuwa nyingi kuliko mikono ya kuilima, aliyeonewa aliweza kufunga mizigo akahamia kwa mwene mwingine, na mwene aliyebaki bila watu alibaki bila utawala. Hakukuwa na haja ya kitabu cha mapato na matumizi pale ambapo watu waliweza kuondoka. Halmashauri ya leo inatawala watu wasio na pa kuhamia, ndiyo maana inahitaji kizuizi cha namna nyingine.

Kizuizi kile cha miguu kilivunjwa na wakoloni. Wajerumani waliiweka nyanda hii ya kusini magharibi chini ya boma la Langenburg, na kuanzia 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni lao lote. Kodi ya nyumba inahitaji mtu wa kuzihesabu nyumba, na mtu huyo akawa jumbe, mahali pengine chini ya akida, majina yaliyotoka pwani pamoja na mfumo wenyewe. Jumbe hakuulizwa na watu alichokusanya. Aliulizwa na boma kwa nini alikusanya pungufu. Mwaka mmoja baadaye, 1899, Wamoravian waliofika Rungwe 1891 walifungua kituo cha Mbozi, ambako mmisionari Traugott Bachmann alikaa miaka mingi. Kituo kile kilileta shule, na kikaleta pia kanisa linaloongozwa kwa sinodi, lenye wazee wa usharika na vikao vinavyoandikwa. Sidai kwamba serikali ya kijiji ilizaliwa kanisani. Nasema tu kwamba baadhi ya watu wa Mbozi walizoea kikao chenye ajenda na kumbukumbu za maandishi kabla serikali yoyote haijawapa kikao cha namna hiyo.

Waingereza walikuja na lugha laini zaidi. Gavana Donald Cameron alitoa sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na kwa sheria hiyo machifu wakatambuliwa, wakapewa hazina, mahakama na mshahara. Kwa macho ya juu juu utawala wa asili ulirudishwa. Kwa undani ulibadilishwa sura: mwene aliyelipwa na serikali na kusimamiwa na bwana wilaya hakuwategemea tena watu wake kama babu yake alivyowategemea, na mtu aliyehama kumkimbia alikutana na kodi ileile kwa mwene wa pili. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953 ilijaribu kuweka mabaraza yenye wajumbe wengi zaidi, lakini hayo yalikuwa ya ngazi za juu. Kijijini palibaki pale pale, mahali pa kupokelea amri.

Uhuru ulipofika 9 Desemba 1961, wengi walitarajia kijiji kingekuwa cha kwanza kufunguliwa. Machifu waliondolewa katika utawala mwanzoni mwa 1963. Kamati za Maendeleo za Vijiji zikaundwa miaka hiyo hiyo, mabalozi wa nyumba kumi wakafuata, na 1969 zikaja kamati za maendeleo za kata. Vyombo vilikuwa vingi na havikudumu. Lililokuwa kubwa zaidi lilitokea kwingine: mwaka huo huo wa 1969 chama tawala kilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, muungano wa vijiji vilivyojiendesha vyenyewe kwa mikutano yao, ingawa Ujamaa Vijijini ya 1967 ilisifu kwa maneno jambo lile lile walilolifanya kwa vitendo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipoamuliwa mwelekeo wa miaka kumi na zaidi iliyofuata. Kijiji kingejengwa, lakini ufunguo wake ungebaki juu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa kwa jina la madaraka mikoani, na madaraka yale yakaangukia kwa maofisa wa serikali kuu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia 1977 Watanzania zaidi ya milioni 13 walikuwa wakihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, namba 21 ya 1975, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha halmashauri ya kijiji tunayoijua, kwa hiyo inafaa kuisoma taratibu. Ilitaka kijiji kisajiliwe kikiwa na kaya zisizopungua 250. Ikaweka mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ikaweka halmashauri ya wajumbe wasiozidi 25, yenye kamati tano: fedha na mipango, uzalishaji na masoko, elimu na utamaduni, ujenzi na usafiri, ulinzi na usalama. Kwa mara ya kwanza kijiji kilikuwa mtu mbele ya sheria, chenye uwezo wa kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Hayo ni mambo makubwa na hayastahili kudharauliwa. Lakini sheria ile ile ilisema kwamba mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio watakaokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Mkutano mkuu ulipewa kiti, kisha mlango wa nyuma ukaachwa wazi kwa mtu ambaye uteuzi wake ulipitia mahali pengine. Na mwaka uliofuata, Mei 1976, vyama vya ushirika vikavunjwa na kazi zake kukabidhiwa vijiji. Katika wilaya ya kahawa kama Mbozi hilo halikuwa jambo dogo: chombo kilichoundwa jana kupokea maagizo ya maendeleo kiliachiwa pia mazao ya mkulima. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, baada ya mkulima kulipa gharama ya jaribio lile.

Mwaka huo wa 1982 ndio uliotoa pia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), namba 7, ambayo mpaka leo ndiyo mwongozo wa kijiji. Halmashauri ikapangiwa wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mabadiliko yaliyokuja na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 yalitenganisha tawi la chama na ofisi ya kijiji, na vitongoji vikapata wenyeviti wao wanaoingia katika halmashauri moja kwa moja. Wanawake wakatengewa sehemu isiyopungua robo ya viti. Uchaguzi wa kwanza chini ya utaratibu huo ulifanyika 1994, na tangu hapo kila baada ya miaka mitano. Lakini kifungu ninachokiona kuwa na uzito kuliko vyote ni kile kinachoufanya mkutano mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika mambo yote ya sera. Halmashauri imewekwa chini yake. Hukutana kila mwezi kutenda kazi, na mkutano mkuu hukutana kila miezi mitatu kuihoji. Katika karatasi, kile kizuizi kilichopotea tangu zama za jumbe kilikuwa kimerudi kwa sura mpya.

Karatasi hiyo ilijaribiwa kwenye ardhi, kwa sababu kijijini ndiko madaraka hupimwa kwa ekari. Mahakama ya Rufani mwaka 1985, katika shauri la Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw huko Hanang, ilisema jambo lililopaswa kumshtua kila mwenyekiti nchini: kijiji kuwa eneo la utawala hakumaanishi kwamba ardhi iliyomo ndani ya eneo hilo ni mali ya kijiji. Mashamba ya ngano ya shirika yalibaki, na wanakijiji wakashindwa. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila za watu walioondolewa kwenye mashamba yao wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na kuwazuia wasiende mahakamani. Mwishoni mwa 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililofunguliwa na baba na mwanawe kutoka Mbulumbulu, Karatu, ikaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka. Katikati ya mashauri hayo mawili, Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko, na ikapendekeza ardhi ya kijiji iwekwe mikononi mwa mkutano mkuu wenyewe. Serikali haikukubali kwenda mbali hivyo. Sera ya ardhi ya 1995 iliiacha ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Rais kama mdhamini.

Hata hivyo pendekezo la tume halikupotea lote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 1 Mei 2001, inaitaka halmashauri iisimamie ardhi kama mdhamini anavyosimamia mali ya watu wengine. Inaizuia kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotolewa kabla. Inaitaka itoe taarifa ya usimamizi huo kwenye kila mkutano mkuu wa kawaida. Na inawapa wanakijiji wasiopungua 100 haki ya kupeleka malalamiko halmashauri ya wilaya iwapo ardhi yao inasimamiwa vibaya. Pembeni yake limewekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, la kusuluhisha ugomvi wa mipaka kabla haujapanda ngazi. Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kabisa nchini kuijaribu sheria hii, kwa kupima mipaka ya vijiji na kutoa hati za hakimiliki za kimila kwa wakulima. Hivyo wilaya ambayo karne moja kabla ilihesabiwa nyumba kwa ajili ya kodi, sasa ilihesabiwa mashamba kwa ajili ya wenye mashamba.

Sasa tazama kikao chenyewe kinavyokwenda pale kinapofanywa kama inavyotakiwa, kwa kuwa nguvu yote imejificha katika hatua zake ndogo. Tangazo hubandikwa na kupigiwa mbiu siku kadhaa kabla. Watu wakifika huandika majina na kutia sahihi au dole gumba kwenye orodha ya mahudhurio. Mwenyekiti hufungua, mtendaji ambaye ndiye katibu husoma ajenda, na ajenda ya mapema huwa kusoma muhtasari wa mkutano uliopita. Hatua hiyo wengi huiona inachosha, wakazungumza na jirani au kushika simu. Mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa serikali ya kijiji. Hapo ndipo maneno yaliyosemwa miezi mitatu nyuma hurudishwa mbele ya masikio yaliyoyasikia, na mtu yeyote, hata kijana aliyetimiza miaka 18 juzi, ana haki ya kusimama na kusema: hatukukubaliana hivyo. Kisha huja yatokanayo, mapato na matumizi, maombi ya ardhi, na mengineyo. Jumbe wa Mjerumani hakuwahi kusomewa maneno yake mbele ya watu. Katibu wa tawi wa 1975 alisoma maagizo, na aliyasoma ili yapokelewe. Kijiji kinachothibitisha kumbukumbu zake chenyewe ni jambo jipya katika historia ya Mbozi, na nathubutu kusema ni jipya kuliko uchaguzi.

Msomaji mwenye kuvijua vijiji vyetu atasema haya ni mazuri kwa kusoma, lakini mikutano haikaliwi. Robo ya mwaka hupita, na nyingine hupita, akidi haitimii, mapato na matumizi hayasomwi, na muhtasari mwingine huandikwa mezani na watu watatu. Ni kweli malalamiko hayo yanasikika kila mahali. Atasema pia kwamba tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa 2003 kijiji hakina fedha yake ya maana, na mkutano wa kujadili sanduku tupu hauvuti mtu. Atasema mtendaji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, kwa hiyo uso wake uko wilayani, na kwamba hata mwenyekiti wa kuchaguliwa anaweza kupita bila kupingwa, kama walivyopita wengi mwaka 2019 baada ya vyama vikuu vya upinzani kujitoa. Sina jibu la kuyafuta hayo. Lakini yakitazamwa vizuri yanaunga mkono hoja yangu. Uchaguzi ukipoteza ushindani, kodi ikiondoka, mtendaji akiwa mwajiriwa wa kwingine, kamba pekee inayobaki kati ya halmashauri na wenye kijiji ni ule mkutano wa kila miezi mitatu na kitabu chake. Ikikatika hiyo, sioni kinachomtofautisha mwenyekiti na jumbe ila mavazi. Kuhusu fedha, hoja ile inasahau kwamba mali kubwa ya kijiji haikuwa kamwe kwenye sanduku la kodi. Ni ardhi, misitu, machimbo ya mchanga na mawe, maeneo ya malisho na vyanzo vya maji. Sanduku linaweza kuwa tupu na kijiji kikawa tajiri, au kikawa kinafilisiwa taratibu bila mkutano kujua.

Wapo wengine, hasa wenye haraka ya maendeleo, wanaoona mkutano mkuu ni kikwazo. Mwekezaji anataka jibu wiki hii, mtaalamu wa wilaya ameshapima, iweje jambo lisubiri watu mia kadhaa wakusanyike? Historia tuliyoipitia inajibu swali hilo bila kusitasita. Operesheni ya vijiji ilikuwa ya haraka, na kuvunjwa kwa ushirika 1976 kulikuwa kwa haraka. Sheria ya 1992 nayo ilitaka kumaliza mashauri ya ardhi kwa kalamu moja. Yote matatu yalilazimika kutenguliwa au kurekebishwa baadaye, kwa gharama ya watu ambao hawakuulizwa. Mkutano unaochelewesha jambo kwa miezi mitatu ni nafuu kuliko kesi inayokaa mahakamani miaka kumi na miwili. Utaalamu una nafasi yake: mpima ndiye ajuaye namba za mipaka. Lakini nani alilima wapi kabla ya kuhamishwa, mjane yupi alinyang'anywa nini, njia ya mifugo ilipita upande gani, hayo wanayajua wale walioketi kwenye nyasi.

Kwa Nanyala na majirani zake jambo hili limeongezeka uzito tangu mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa. Barabara kuu na reli ya TAZARA vinapita wilayani kuelekea Tunduma, mpaka wenye malori mengi kati yetu na Zambia. Mkoa mpya huja na ofisi, nyumba za watumishi, maghala, vituo vya mafuta, na kila kimoja kinataka kiwanja. Ardhi ambayo zamani iligawiwa kwa neno la mzee sasa ina bei, na penye bei hutokea mtu wa kutaka muhtasari uandikwe bila kikao. Hakuna askari wa kutosha kuzuia hilo katika vijiji zaidi ya 12,000 vya nchi hii. Anayeweza kulizuia ni mwanakijiji aliyekuwepo, ambaye jina lake limo au halimo kwenye orodha ya mahudhurio, na anayelijua hilo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa mkazi wa Nanyala, na wa kijiji chochote, atakayesikia mbiu ya mkutano mkuu ujao. Nenda. Ukifika, usiache ajenda ya muhtasari wa mkutano uliopita irukwe kwa kisingizio cha muda. Omba usomwe wote, kwa sauti, mpaka mwisho. Na robo ya mwaka ikipita bila mbiu kupigwa, wanakijiji 100 wana haki ya kisheria ya kwenda wilayani kulalamika juu ya ardhi yao.